Mafuta Yaliyolala

Jumatatu, 10 Juni 2024
Bariadi

Mizani ya pamba imefunguliwa na jenereta zimeanza kuletwa kutoka vijijini zitengenezwe kibandani kwangu. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Mkulima wa Itilima au wa Bariadi Vijijini anapanda pamba kuanzia katikati ya Novemba, anapalilia, anapulizia dawa mpaka mvua zinakatika, na muda wote huo jenereta imekaa kona ya ghala, imefunikwa gunia. Nani anaoa wakati wa palizi? Fedha ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikitoka ndipo harusi zinapangwa mfululizo, vikundi vya ngoma vinaitana, mwenye muziki wa kukodi anatafutwa kila kitongoji. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika vijiji vingi, lakini nguzo ziko senta na harusi iko nyumbani kwa watu. Basi jenereta inatolewa ghalani, inavutwa kamba mpaka bega linauma, na haiwaki.

Za leo zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilianza na kubwa, ya kilowati 5. Nikafungua kizibo cha tangi, nikanusa. Petroli nzima ina harufu kali inayokupanda puani papo hapo. Hii ilinuka vanishi. Nikamuuliza mwenyewe iliwaka lini mara ya mwisho, akafikiri, akasema kabla ya Krismasi.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi kabisa ndivyo vinavyoshika moto injini ikiwa baridi. Mafuta yakilala miezi, vyepesi vinapaa hewani, na vinavyobaki vinaungana na oksijeni polepole hadi vinaacha utando unaonata. Tangini utando huo hausumbui sana. Balaa lake ni kwenye bakuli la kabureta, ambako mafuta ni machache na yanakauka yote, na kwenye jeti ya mwendo mdogo, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Kitundu hicho kikiziba, injini inaweza kukataa kuanza hata ukiivuta mchana kutwa.

Nikafunga koki, nikalegeza bolti ya chini ya bakuli, nikamwaga uchafu, nikashusha bakuli. Floti ilikuwa imegandia juu. Jeti nimeizibua kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, kisha nikapeleka kabureta kwa jirani wa pancha aipulizie upepo. Mafundi wengine wanachokoa jeti kwa sindano au waya wa breki. Chuma kinapanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi: mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi hadi ununue jeti nyingine. Shaba ni laini kuliko jeti au sawa nayo, haiiumizi.

Petroli mpya, choki, kamba. Ikawaka.

Nayaandika haya kwa sababu kijana ninayemfundisha ana haraka ya kushika spana. Kabla ya spana kuna pua na kuna swali: mara ya mwisho iliwaka lini? Baada ya hapo nakwenda kwa utaratibu ule ule: mafuta, cheche, hewa, na mgandamizo wa silinda mwisho kabisa. Kufungua kichwa cha injini ambayo haijanuswa mafuta yake ni kumwibia mtu.


Ijumaa, 14 Juni

Leo Ujerumani na Scotland wanafungua Euro kule Munich, saa nne usiku kwa saa zetu. Mwenye banda la kuonyesha mpira, kutoka Dutwa, alifika alasiri na jenereta nyuma ya bodaboda, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola, ila hii mashine itanitia aibu leo. Watu wameshaanza kuulizia viti."

Alieleza vizuri, na mteja anayeeleza vizuri anastahili kushukuriwa. Inawaka mara moja, inaenda kama robo saa, inapunguza nguvu, inazima. Ukiiacha kidogo inawaka tena, inarudia yale yale. Alishabadilisha plagi, haikusaidia.

Nikaiwasha na kuiacha ifanye inavyofanya. Ilipoanza kukohoa nikalegeza kizibo cha tangi. Hewa ikaingia kwa mlio wa kunyonya na injini ikakaa sawa hapo hapo. Kizibo kina kitundu cha kupumulia, na cha kwake kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie tangini ichukue nafasi yake. Isipoingia, tangi linayavuta mafuta kurudi juu, na injini inakufa njaa huku tangi limejaa. Nikakiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikakipuliza hadi upepo ukapita.

Nilimwambia kitu kimoja zaidi, kwa ukali kidogo: asikubali ushauri wa kuendesha mashine kizibo kikiwa wazi. Wapo wanaofanya hivyo na kuona wametatua. Mvuke wa petroli unatambaa, na ekzosi iko hapo hapo, moto.

Usiku: Ujerumani wameshinda 5–1. Yule bwana hakupiga simu, maana yake watu waliona mabao yote.


Jumatano, 19 Juni

Mzee wa Nkololo ameleta mashine yake mara ya pili. Hapa kibandani inawaka kwa mvuto mmoja. Kwake, chini ya mkwaju, haiwaki, au inawaka na kuzima. Pale nyumbani maneno yalishaanza, kwamba kuna mtu hataki harusi ya binti wa pale ifane. Mzee mwenyewe aliyasema kwa sauti ya chini, akinitazama nitapokeaje.

"Namhala," nikamwambia, "twende nikaione ikiwa pale pale inapokaa."

Tukaenda. Uwanja wa mzee una mteremko wa kushuka bondeni, na mashine ilikuwa imewekwa imeinama upande. Nikachomoa kijiti cha oili: ilikuwa chini ya alama. Injini hizi za nguvu-farasi tano na nusu zinabeba oili kama lita 0.6 tu, kwa hiyo ukipungukiwa na kikombe umepungukiwa na sehemu kubwa. Ndani kuna kihisio. Oili ikishuka, au mashine ikiinama hadi oili ikakimbilia upande mmoja, kihisio kinakata cheche kwa kuipeleka kwenye bodi. Mafuta yapo, plagi nzima, kabureta safi, na hakuna kinachowaka. Kimewekwa makusudi ili pistoni isisagike kavu.

Tukaiweka kwenye tambarare, tukaongeza oili, mzee akavuta kamba mwenyewe. Waliokuwepo walinyamaza kwanza, kisha wakapiga vigelegele. Hilo lilinifurahisha kuliko malipo yenyewe. Jambo likielezeka, jirani anaponea chupuchupu kusingiziwa.

Nimemkatalia mwanawe jambo moja. Aliambiwa mahali kwamba ule waya wa kihisio ukikatwa, usumbufu unakwisha. Ni kweli unakwisha, mpaka siku oili itakapoisha katikati ya sherehe na injini ikakwama moja kwa moja. Siukati waya huo kwa bei yoyote.


Jumatano, 3 Julai

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wametoa bei mpya. Kila zinapotoka naulizwa hapa kibandani kwa nini nakataza watu kununua ya chupa kijijini, ilhali kituo kiko mbali na nauli ya bodaboda inakula faida.

Sikatazi. Nasema tu kwamba ya chupa yapimwe. Leo asubuhi mama mmoja wa Ngulyati ameleta mashine iliyowaka jana na leo haishiki kabisa. Nikamwaga bakuli la kabureta kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, nikaisimamisha juani. Mstari ukajionyesha wenyewe: petroli juu, maji chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya dumu, chini ya tangi, chini ya bakuli, na ndiko jeti inakochota. Hayakuchanganywa na mwizi. Dumu liliachwa wazi mvuani wakati wa masika, au lilioshwa likamiminiwa mafuta kabla halijakauka.

"Mayu," nikamwambia, "ukinunua, acha chupa itulie kwanza, itazame kwenye mwanga. Ukiona mstari, usimimine ya chini."

Kwa mafuta ya taa, kipimo ni karatasi nyeupe. Dondosha tone la petroli, subiri. Petroli safi inapaa na karatasi inabaki kavu. Ikiwa na mafuta ya taa inaacha doa la ute. Miaka ile uchakachuaji ulipotapakaa, hicho kilikuwa kipimo cha kila siku, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo na kila tapeli aliona faida. Vinasaba vya EWURA, alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, vilianza kutiwa kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Faida ya kuchanganya ikapungua. Kwa ninayoyaona mezani kwangu, adui wa sasa wa jenereta za mkoa wetu wa Simiyu ni maji na mchanga wa madumu, na dawa yake ni chujio la kitambaa kizito kwenye mrija wa kumiminia. Ni kitu cha bei ya bure.


Jumamosi, 6 Julai

Ndogo za wati 950 zimefika leo, zile zinazobebwa kwa mkono mmoja. Nimemwachia kijana azishike mwenyewe, nikakaa pembeni.

Hizi ni za mipigo miwili. Hazina oili chini. Oili inachanganywa na petroli, kwa nyingi ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Watu wanakosea pande zote. Mmoja ametia petroli tupu, mashine imekaza na kamba haivutiki. Ile tumeiweka kando. Mwingine, kwa upendo, amemimina oili tele ili mashine "ishibe". Plagi ikatoka nyeusi, imelowa.

Kijana akaisafisha kwa mswaki wa waya, akairudisha kwenye kofia yake, akagusisha mwili wa plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda. Mbali na tundu: hilo nimelisisitiza hadi amechoka kunisikia, kwa sababu mvuke unaotoka hapo ukikutana na cheche unakuchoma uso. Akavuta kamba. Cheche ya buluu, kali. Angeona ya njano iliyofifia, au asione kitu, tungetafuta koili na swichi. Nimemfundisha pia kuisoma rangi ya plagi: kahawia hafifu ni afya, nyeusi kavu ni mafuta mengi kuliko hewa, nyeupe ni hewa nyingi kuliko mafuta, mbichi ni mafuta yasiyowaka kabisa. Pengo la plagi kwa injini za mipigo minne za kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8. Anaweza kulipima kwa blade kadhaa zilizopangwa pamoja akijua unene wake, lakini nataka anunue kipimo.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimsimulia habari za Soichiro Honda. Mwaka 1946, Japani imeshindwa vita, watu hawana usafiri, alikuta injini ndogo za jeshi zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio. Akazifunga kwenye baiskeli na kuziuza. Kampuni nzima ya pikipiki na magari ikaanzia hapo, kwenye injini za jenereta. Kijana akaitazama ile ya wati 950 kwa muda. Nilitaka aione hivyo, kama kazi ya mtu mwenye akili, si takataka ya ghalani.


Alhamisi, 11 Julai

Nina hasira, na naona vyema niandike kabla hazijapoa.

Mama mwenye duka la kutoa kopi, kutoka upande wa Lagangabilili. Mashine yake inawaka, lakini choki ikirudishwa inazima. Choki ikiachwa nusu, mlio unapanda na kushuka, taa zinafifia na kung'aa, na mashine ya kopi haiwezi kufanya kazi hivyo. Alikopeleka kwanza aliambiwa anunue kabureta mpya. Akanunua. Tatizo likabaki. Akaambiwa koili. Akanunua. Likabaki. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto, kaiweka mezani kwangu kwa maneno, na mimi nikamsikiliza hadi mwisho.

Choki inapunguza hewa. Injini inayotaka choki muda wote inasema jambo moja wazi: mafuta yanayonifikia ni machache kuliko hewa ninayovuta. Ama jeti imeziba, ama hewa inaingia mahali isipotakiwa. Kabureta ilikuwa mpya kweli na jeti inaona mwanga. Basi ni hewa. Nikapaka grisi kuzunguka kiungio cha kabureta na silinda mashine ikiwa inaunguruma. Mlio ukatulia. Gasketi ya pale ilikuwa imepasuka, na aliyefunga kabureta mpya aliirudisha ile ile ya zamani.

Nimekata nyingine kwenye karatasi ya gasketi, nikasafisha nyuso mbili, nikafunga. Choki imerudi mwisho na taa zimesimama. Kabureta ya zamani alikuja nayo kwenye mfuko. Nimeisafisha na nimemrudishia, kwa sababu haikuwa na ubovu wowote ila utando.

Fundi akitaja kipuri kabla hajataja sababu, mteja ana haki ya kuchukua mashine yake na kuondoka.


Jumatatu, 15 Julai

Fainali ya jana Berlin, Hispania 2, Uingereza 1. Leo nimesikia habari za kijana mmoja aliyeingiza jenereta ndani ya banda la kuonyesha mpira kwa kuhofia wezi. Kipindi cha pili watu wakaanza kulalamika kuumwa vichwa, mmoja akatapika, mtu mzima mmoja akaamuru wote watoke nje. Wamepona. Mtu mzima yule ameokoa wengi.

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na inaua mtu akidhani ana usingizi. Dirisha moja wazi halitoshi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Mwizi anazuiwa kwa mnyororo na mti.

Nimeamua kwamba jenereta haitoki kibandani kwangu bila mwenyewe kuambiwa hilo, hata kama alikuja kununua plagi tu.


Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mwaka huu maadhimisho ya kitaifa yako Dodoma; yalipokuwa hapa kwetu Nyakabindi, kuanzia 2018 hadi 2020, mji huu ulijaa na kazi ya jenereta ilikuwa usiku na mchana. Leo kimya, nimepata nafasi ya kushughulikia vichujio vya hewa.

Ni wakati wa vumbi. Za Meatu zinakuja na sponji iliyojaa udongo mpaka hewa haipiti, na injini isiyopata hewa inazamishwa na mafuta, inatoa moshi mweusi, inakataa kuwaka ikiwa ya moto. Sponji inafuliwa kwa maji na sabuni, inakaushwa kabisa, inatiwa oili safi kidogo, inakamuliwa, inarudishwa. Wengine wanaitupa na kuendesha bila chujio. Vumbi hilo linaingia kwenye silinda na kula ringi, na hapo ndipo mgandamizo unapotea kweli na gharama inakuwa ya kweli.

Harusi zitapungua kuanzia mwezi wa kumi. Baada ya hapo ni mvua, jembe, pamba. Jenereta zitarudi ghalani, na nyingi zitarudi na mafuta tumboni kama zilivyofanya mwaka jana. Nimemwomba kijana mwenye mwandiko mzuri aandike tangazo, libandikwe hapa na kwenye maduka ya vipuri, kabla watu hawajaanza kulima. Maneno yake ni haya:

Ndugu mteja, kabla hujaifungia jenereta msimu wa kilimo, maliza mafuta. Funga koki huku mashine ikiunguruma, iache inywe yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Legeza bolti ya chini ya bakuli, umwage yaliyosalia. Ondoa petroli yote tangini, itie kwenye pikipiki itumike. Badilisha oili. Mwezi wa sita uje na petroli mpya, na kama haikuwaka, niletee nami nitaikagua bure.